Sheikh Rashid bin Saeed: Mjenzi Aliyemaliza Alichokianza



Ni desturi yetu katika toleo hili la kumbukumbu kuwaeleza watoto maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mara nyingi huwa ni mtu wa nyumbani. Mwaka huu kamati iliniomba niandike habari za mtu aliyejenga, nami nikaomba ruhusa nimwandike mwenyeji wetu, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeutawala mji huu kuanzia mwaka 1958 hadi alipofariki mwaka 1990. Sababu yangu ni hii. Tarehe 2 Desemba watoto wetu hubeba bendera shuleni kusherehekea kuundwa kwa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 1971. Wiki moja baadaye, tarehe 9, tunawavalisha vitenge na kuwaambia habari za Uhuru wa mwaka 1961. Picha za viongozi wa hapa wanaziona kila siku ukutani, lakini wengi wao hawajui yule mzee mwembamba mwenye ndevu alifanya nini. Na sisi wazazi, tunaotuma fedha nyumbani kila mwezi ili tujenge, tuna jambo la kujifunza kwake. Nitalifikia mwishoni.

Mimi ni muuguzi, si mwanahistoria. Digrii yangu niliisomea India, na kazi yangu ya wodini imenizoesha kusoma faili la mgonjwa tangu ukurasa wa kwanza kabla sijasema lolote. Basi na habari hii nitaianzia ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza ni dari. Ukienda Shindagha, karibu na mdomo wa Khor, utaikuta nyumba ya Sheikh Saeed, baba yake Sheikh Rashid. Ilijengwa mwaka 1896 na sasa ni makumbusho. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba za Lamu, Kilwa na Mji Mkongwe. Ukiinua macho utaona boriti za mikoko zimepangwa juu. Boriti hizo ndizo zilizokuwa zikija na majahazi kutoka pwani yetu, kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata boriti katika visiwa vya delta ya Rufiji, na hakuwahi kujua zilikokwenda. Watoto wangu walipoiona dari ile, niliwaeleza kwamba vyumba vya zamani vya Dubai ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mti uliokatwa Rufiji ndio uliopima chumba cha mtawala.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia Rashid. Alizaliwa mwaka 1912, mwaka uleule baba yake aliposhika utawala. Dubai ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa wavuvi, wapiga mbizi wa lulu na wafanyabiashara. Matajiri waliishi katika nyumba za matumbawe. Wengine wengi waliishi katika nyumba za makuti ya mtende, na moto ulipozuka uliteketeza mtaa mzima. Mwaka 1894 sehemu kubwa ya Deira iliteketea hivyo. Mama yake, Sheikha Hessa bint Al Murr, alikuwa mwanamke mwenye akili ya biashara na sauti iliyosikilizwa mjini. Kijana alisoma Qurani, lugha na hesabu katika shule ya Al Ahmadiya kule Deira. Jengo hilo la shule bado lipo, na wazazi mnaweza kuwapeleka watoto wakalione.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, maisha ya mji yaliporomoka. Uchumi wa dunia ulianguka mwaka 1929, na wakati huohuo Wajapani walikuwa wamejifunza kuzalisha lulu kwa kuzifuga. Lulu ya Ghuba ikakosa mnunuzi. Mashua za wapiga mbizi zilibaki ufukweni, wenye madeni wakashindwa kulipa, na familia zilizokuwa na uwezo zikauza vyombo vya ndani. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili na chakula kikawa cha mgao. Kwa maoni yangu, hapa ndipo alipopata funzo lililomwongoza maisha yake yote. Mji unaotegemea kitu kimoja hulala njaa siku kitu hicho kinapokosa bei.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo maisha yake hayasimuliki bila kulitaja. Mwaka 1938 wakubwa kadhaa wa mji, baadhi yao jamaa za ukoo wa mtawala, walidai liwepo baraza la kusimamia mapato, shule na usafi wa mji. Baraza likaundwa, lakini halikudumu hata mwaka. Mwishoni mwa Machi 1939, siku za harusi ya Rashid na Sheikha Latifa bint Hamdan, wafuasi wa mtawala waliingia Deira na silaha, watu wakauawa na baraza likavunjwa. Rashid alikuwa upande wa baba yake. Lakini ukisoma orodha ya mambo yaliyodaiwa na baraza lile, ikiwamo manispaa, shule na bandari inayoendeshwa kwa utaratibu, utakuta kwamba mengi kati yake Rashid mwenyewe aliyatimiza baadaye. Sijui watu wa familia zilizopoteza ndugu walilipokeaje hilo. Najua tu kwamba aliendelea kuwaweka wafanyabiashara wa Deira karibu naye, na hakujenga kitu kikubwa bila wao.

Tangu mwaka huo wa 1939 baba yake alianza kumwachia shughuli nyingi za utawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilifunguliwa Hospitali ya Al Maktoum huko Deira, hospitali ya kwanza ya kisasa katika falme hizi. Kabla yake, mama aliyeshindwa kujifungua alikuwa na mkunga wa jadi na dua, na aliyevunjika mguu alikuwa na mganga wa mifupa. Sisi wauguzi tunajua maana ya hospitali ya kwanza mahali popote. Ilianza ndogo, ikaongezwa jengo baada ya jengo kadiri fedha zilivyopatikana.

Sheikh Saeed alifariki Septemba 1958, na Rashid akawa mtawala akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Wakati huo mafuta yalikuwa hayajagunduliwa Dubai. Naomba watoto walishike hilo, maana wengi hudhani kila kitu hapa kilianzia kwenye mafuta. Miradi yake ya kwanza, ile iliyouweka mji kwenye njia yake, aliianza akiwa hana mafuta.

Tatizo lililomkabili lilikuwa Khor, mkono wa bahari unaougawa mji kati ya Deira na Bur Dubai. Mdomo wake ulikuwa unajaa mchanga. Meli kubwa zilitia nanga mbali baharini na mizigo ikaletwa kwa mashua. Hata majahazi yalilazimika kusubiri maji yajae, na mengine yalikwama. Khor ya jirani zetu wa Sharjah ilikuwa ikijaa mchanga vivyo hivyo, na biashara yao ilikuwa ikipungua. Wahandisi wa kampuni ya Halcrow ya Uingereza walikuwa wameshapima na kuonyesha kwamba kazi ya kuchimba inawezekana. Kilichokosekana ni fedha, kwani gharama yake ilikuwa kubwa kuliko mapato ya mji.

Rashid alikopa Kuwait, na wafanyabiashara wa Dubai nao wakachangia. Kazi ilianza mwaka 1959. Mdomo ulichimbwa, kingo zikaimarishwa kwa kuta, na mchanga uliotolewa ukafukia mabonde ya kando na kuwa viwanja vya kujenga. Mwaka 1961 vyombo vinavyohitaji kina cha futi 7 viliweza kuingia wakati wowote, maji yawe yamejaa au yametoka. Ni mwaka huohuo ambao Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro. Mizigo ikaongezeka, ushuru ukaongezeka, na deni likalipwa.

Wakati uchimbaji ukiendelea, mambo mengine yalishaanza. Mwaka 1959 aliunda kampuni ya umeme na idara ya maji, ambazo mwaka 1992 ziliunganishwa kuwa DEWA, jina mnaloliona kwenye bili kila mwezi. Mwaka huohuo alimwita msanifu majengo kijana kutoka Uingereza, John Harris. Alichokikuta Harris ni mji wa barabara za mchanga, ambamo maji yaliuzwa kwa madebe yaliyobebwa na punda. Mwaka 1960 alikabidhi ramani ya mji: barabara zipite wapi, maduka yakae wapi, makazi yaenee upande gani. Ramani ilitangulia majengo. Uwanja wa ndege nao ulifunguliwa mwaka 1960. Njia ya kurukia ilikuwa ya mchanga ulioshindiliwa, na lami ikaja miaka mitano baadaye. Leo uwanja huo ndio tunaotua sote na masanduku yetu.

Kisha likaja daraja. Kabla ya mwaka 1963, mtu wa Bur Dubai aliyetaka kwenda Deira alipanda abra, zile mashua ambazo bado tunazipanda kwa dirhamu moja, au aliizunguka Khor yote. Mgonjwa wa usiku aliyehitaji hospitali ya Deira alisubiri mashua. Daraja la Al Maktoum lilijengwa kwa fedha za mkwewe, mtawala wa Qatar aliyemwoa binti yake. Wenye magari walitozwa ada ya kuvuka hadi gharama iliporudi, na mwaka 1973 ada ikafutwa. Utaratibu ni ule wa Khor: kopa kwa kazi moja, imalize, iache ijilipe, ndipo uende kwenye nyingine.

Mwaka 1966 mafuta yalipatikana baharini, na mwaka 1969 meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka. Yalikuwa machache ukilinganisha na ya Abu Dhabi, na Rashid alilijua hilo. Aliyachukulia kama mtaji wa muda wa kujengea vitu vitakavyoleta riziki mafuta yakiisha. Moja ya matumizi ya kwanza ilikuwa makazi. Familia za wenyeji zilizokuwa zikiishi katika makuti zilijengewa na serikali nyumba za saruji zenye ua, zinazoitwa sha'biya, yaani nyumba za wananchi. Mtaa wa Satwa, ambao baadaye wapangaji wengi wa kigeni wameujua, ulianza hivyo, na Rashidiya imebeba jina lake. Zilikuwa nyumba za chini zisizo na madoido, zenye maji ya bomba na umeme. Kwa mtu wa afya, kutoka kwenye kibanda cha makuti na debe la maji kuingia katika nyumba yenye bomba ni sawa na dawa. Kuharisha kwa watoto hupungua kabla daktari hajaandika chochote.

Bandari ya Rashid ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufunguliwa mwaka 1972. Mpango wa kwanza ulikuwa wa gati 4. Kabla kazi haijaisha aliona mizigo inavyoongezeka, akaagiza ziongezwe, na ilipofunguliwa gati zilikuwa zaidi ya 10. Mwaka 1973 ilifunguliwa Hospitali ya Rashid, iliyochorwa na yuleyule John Harris, na hadi leo majeruhi wa ajali kubwa mjini hukimbizwa huko. Mwaka 1975 likaja handaki la Shindagha, linalopita chini ya Khor. Mwaka 1979 lilikamilika jengo la Kituo cha Biashara cha Dunia, la ghorofa 39, lililokuwa refu kuliko yote Mashariki ya Kati. Wakati huo lilisimama peke yake jangwani kando ya njia ya Abu Dhabi, na walikuwapo waliojiuliza nani atakwenda kupanga ofisi huko mchangani. Leo limezungukwa na majengo marefu zaidi hata watoto hawaligundui. Mwenye noti ya zamani ya dirhamu 100 aitazame: upande mmoja kuna ngome ya Al Fahidi, upande wa pili kuna jengo hilo.

Mwaka huohuo wa 1979 ilifunguliwa bandari ya Jebel Ali, kama kilomita 35 kutoka mjini, iliyochimbwa katika ufuko mtupu. Washauri wake wengi waliona ni kubwa mno, maana Bandari ya Rashid ilikuwa bado mpya. Kwa miaka kadhaa gati nyingi zilikaa bila kazi, na waliotia shaka walionekana wana haki. Mwaka 1985 likaanzishwa eneo huru la biashara pembeni yake, na meli zikaja. Makontena ya mitumba, magari na vifaa vya ujenzi tunavyopeleka Dar es Salaam na Mombasa mengi hupitia hapo. Kampuni iliyokua kutokana na bandari hizo, DP World, ilitia saini mwaka 2023 mkataba wa kuendesha sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam. Tulibishana sana kuhusu mkataba huo hata katika mikutano yetu, na sina nia ya kuufungua ubishi huo hapa. Nautaja ili watoto wajue kwamba uamuzi wa mzee mmoja wa miaka ya 1970 umefika hadi kwenye gati zetu wenyewe.

Alizimalizaje kazi hizi zote? Waliofanya kazi naye wanakubaliana juu ya mambo machache. Aliamka kabla ya alfajiri, akaswali, kisha akaingia garini kwenda kukagua kazi kabla jua halijawa kali. Alipita bandarini, barabarani, kwenye msingi wa jengo jipya, akauliza maswali, na jioni akapita tena. Mkandarasi hakujua siku atakayomwona, kwa hiyo alijiandaa kila siku. Baada ya ukaguzi alikaa barazani na kiko chake, na mtu yeyote mwenye shida aliweza kuingia. Hakuwa na elimu ya uhandisi wala ya fedha, lakini aliwachagua wenye elimu hiyo na kukaa nao muda mrefu. Harris alichora kwa ajili yake kwa karibu miaka ishirini, na Mwingereza mwingine, Bill Duff, alimshikia hesabu za serikali kwa miaka mingi. Alibishana nao, akawasikiliza, kisha akaamua. Akishaamua, kazi haikusimama.

Lakini mtawala hachanganyi zege. Mawe yalibebwa na nondo zikafungwa na mafundi na vibarua waliotoka Uajemi, India, Pakistan na kwingineko, watu waliowaacha wake na watoto kwao, kama wengi wetu. Majina yao hayapo kwenye mawe ya ufunguzi. Nimewahudumia warithi wao hospitalini wakati wa kiangazi, wameletwa wamekauka maji, midomo imepasuka, wakiuliza watarudi kazini lini. Siku hizi sheria inakataza kazi za juani mchana kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, na ni sheria njema. Mtoto wangu akiniuliza nani aliijenga Dubai, humtajia Sheikh Rashid, kisha namwonyesha wale waliovaa ovaroli wanaosubiri basi jioni.

Kuhusu siasa nitasema kwa ufupi. Waingereza walipotangaza mwaka 1968 kwamba wataondoka Ghuba, Sheikh Zayed wa Abu Dhabi na Sheikh Rashid walikutana Februari mwaka huohuo katika hema jangwani, kwenye mpaka wa nchi zao, wakakubaliana kuungana. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, Dubai na Abu Dhabi zilikuwa zimepigana vita vya mpaka. Muungano ulizaliwa tarehe 2 Desemba 1971, Zayed akawa Rais na Rashid Makamu wa Rais. Mwaka 1979 akawa pia Waziri Mkuu. Sisi tunaotoka nchi ya Muungano wa mwaka 1964 tunajua kwamba kuungana ni kazi ya kila siku. Nao walikuwa na mivutano yao, na waliitatua wakiwa wamekaa pamoja.

Mei 1981 alipatwa na kiharusi. Hapa naandika kama muuguzi. Kiharusi kinampokonya mtu kwa dakika chache vitu alivyovizoea miaka yote: mguu, mkono, wakati mwingine maneno. Kwa mtu aliyezoea kuzunguka mjini mara mbili kwa siku, naweza kuwazia lilivyokuwa pigo. Alipata nafuu kidogo, lakini hakurudia nguvu zake. Mwaka 1983 alifiwa na Sheikha Latifa, mkewe wa zaidi ya miaka arobaini. Kazi za kila siku zilikuwa mikononi mwa wanawe, Maktoum, Hamdan, Mohammed na Ahmed, ambao kwa miaka mingi alikuwa akiwapeleka katika ukaguzi na kuwapa idara za kuongoza. Kwa hiyo miradi haikusimama baba alipolala. Aliishi miaka tisa katika hali hiyo, akafariki tarehe 7 Oktoba 1990. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa lile jambo nililoahidi. Mwaka 2013 nilianza kujenga nyumba kwa ajili ya mama yangu huko Mkuranga. Nilimkabidhi jamaa mmoja kazi yote, nikawa natuma fedha kila nilipopata, bila ramani kamili wala hesabu ya hatua. Kila nilipouliza niliambiwa bado kidogo. Baada ya miaka minne nilikwenda likizo nikakuta kuta zimesimama kwenye lenta, hazijapauliwa, na mpapai umeota sebuleni. Mama yangu alikuwa bado anaishi katika nyumba inayovuja. Nililia, kisha nikamlaumu jamaa. Baadaye, nilipokuwa nikisoma maisha ya mzee huyu, nilianza kujilaumu mwenyewe. Nilitaka nyumba ya vyumba vitano kwa fedha ya vyumba viwili. Sikuwa na ramani. Sikuwa na mtu wa kukagua. Nilifungua hatua ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Tulianza upya. Tulilipia ramani, tukaandikiana na fundi, tukagawa kazi kwa hatua, na kila hatua ililipwa baada ya kuonekana. Dada yangu alipita kila Ijumaa na kunitumia picha. Tulipaua vyumba viwili, choo na jiko kwanza, tukavuta maji, mama akahamia. Vyumba vingine vilifuata miaka miwili baadaye. Leo anaishi humo, na shinikizo lake la damu limetulia kuliko zamani, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu ya nyumba peke yake.

Najua si mimi tu. Tunapokaa barazani baada ya mikutano yetu, nusu ya mazungumzo ni mapagale: la Kibaha, la Bububu, la Kisauni. Tunadhani tatizo ni fedha, na mara nyingine ni kweli. Lakini mzee huyu aliichimba Khor kabla ya kuwa na tone la mafuta. Alipima kwanza, akakopa alichoweza kukilipa, akawatumia wanaojua, akaenda kukagua kwa macho yake, akamaliza, akalipa, ndipo akaanza kingine. Na aliwafundisha watoto kazi yake angali na afya.

Watoto wetu, mwezi huu mkipata nafasi, waombeni wazazi wawapeleke Shindagha. Ingieni katika nyumba ile na mtazame juu. Boriti zile zilitoka kwenu. Kisha vukeni Khor kwa abra, na mkifika katikati mkumbuke kwamba kina cha maji mliyo juu yake kimechimbwa na watu, mwaka uleule nchi yenu ilipojipatia Uhuru.

Mungu ibariki Tanzania, na aibariki nchi hii iliyotupokea.